Samaki wa Bahari Katikati ya Jangwa

Leo tunakupeleka mbali kidogo, mpaka Riyadh, mji mkuu wa Saudi Arabia. Huenda una dada au mjomba anayefanya kazi huko, au jirani yenu kaondoka juzi tu. Fungua atlasi ya shule uutazame mji wenyewe. Uko katikati ya jangwa. Bahari iliyo karibu zaidi ni Ghuba, upande wa Dammam, na huko ni kiasi cha kilomita 400. Ukielekea Jeddah kwenye Bahari ya Shamu ni zaidi ya kilomita 900. Kiangazi joto hupita nyuzi 40 za Sentigredi, na siku nyingine hufika 45.

Sasa jiulize: pale utakula samaki wa bahari? Wengi hutikisa kichwa. "Samaki wa jangwani? Si keshaoza huyo!" Kumbe watu wa Riyadh wanakula samaki sana, tena wazuri. Ukiingia kwenye masoko yao utakutana na wale wale wa pwani yetu, ila wana majina mengine. Chewa wanamwita hamour, nguru ni kanad, kamba ni rubyan. Tasi wao ni safi, kwa hiyo muuzaji akikuonyesha samaki na kusema "safi", usidhani anasifia bidhaa yake. Anakutajia jina tu!

Wanafikaje huko? Kwa lori lenye mtambo wa baridi, na wengine kwa ndege. Lori likitoka Dammam jioni, usiku huo huo limeshaingia mjini. Na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wanahesabu kilomita, wakati kinachomharibu samaki ni joto na saa alizokaa nalo. Samaki aliyekaa kwenye nyuzi 10 huharibika kama mara 4 kwa kasi kuliko aliyekaa kwenye nyuzi 0. Kwenye nyuzi 30 ndiyo usiseme, siku haiishi. Lakini aliyefukiwa vizuri kwenye barafu tangu alipovuliwa anaweza kukaa wiki nzima, hata zaidi, na bado akalika.

Kwa nini barafu? Kumbuka kipindi cha fizikia. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka humeza joto karibu sawa na lile la kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 80. Ndiyo maana wavuvi wa nchi za joto wanashauriwa kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki. Vipande vitatu vya barafu vilivyotupwa juu kwa urembo havisaidii kitu.

Mimi mwenyewe somo hili nililipata kwa shida. Nilikuwa kidato cha tatu, na sikuwa jangwani. Nilikuwa pwani, hatua chache kutoka baharini! Nilinunua vibua jioni, vilivyokuwa vimeshinda juani kwenye ungo tangu asubuhi. Vikakaangwa, vikatiwa ndimu na pilipili, nikala kwa raha. Nusu saa haikupita uso ukawaka moto, ukawa mwekundu, kichwa kikagonga, moyo ukaenda mbio, na mwili mzima ukaanza kuwasha. Nikalaumu pilipili. Nyumbani wakasema nimelogwa. Daktari alicheka kidogo, kisha akanieleza.

Ni hivi. Samaki kama vibua, jodari na nguru wana kitu kwenye nyama yao ambacho bakteria, wakipata joto, hukigeuza kuwa sumu inayoitwa histamini. Sumu hii haifi kwa kukaangwa, haifi kwa kuchemshwa, na friza haiiondoi. Halafu ubaya wake, samaki anaweza asinuke kabisa. Wakati mwingine utahisi mdomo unachoma kama umetafuna pilipili manga. Ukihisi hivyo, acha kula hapo hapo, usimalizie kwa sababu eti umeshalipa. Kwa kawaida hali hupita ndani ya saa chache, na dawa za mzio husaidia. Lakini mtu akipumua kwa shida, akavimba uso au akazimia, apelekwe hospitali haraka, asisubiri.

Basi ukiwa Riyadh, au hata Dodoma ambako Bahari ya Hindi iko mbali, usianze na bei. Anza kwa kuuliza: huyu ameingia lini, na alikuja ndani ya nini? Muuzaji mwenye mzigo mzuri hachukii swali hilo. Mtazame samaki alivyolala. Awe amefunikwa na barafu, na maji yake yawe yanachuruzika, siyo anaogelea kwenye maji machafu ya barafu iliyokwisha. Jicho liwe limejaa na linang'aa. Likiwa limezama lina ukungu, mwache. Mwinue shavu umwone matamvua: mekundu ndiyo, ya kahawia yenye utelezi hapana. Mbonyeze kwa kidole, nyama inatakiwa irudi. Kuhusu harufu, samaki mzuri hunukia bahari. Na usiwe na haya, mnuse mbele ya mwenyewe!

Wa friza je? Watu wanamdharau bure. Aliyegandishwa mapema melini anaweza kumshinda "mbichi" aliyezurura siku tano. Angalia tu pakiti: ukikuta mabonge ya barafu ndani, au damu iliyoganda upande mmoja wa chini, huenda aliyeyuka njiani akagandishwa tena. Huyo mwachie mwenye duka.

Kamba wa Ghuba wana msimu, na upande wa Saudia kwa kawaida hufunguliwa Agosti. Ukiambiwa mwezi Mei kwamba hawa wamevuliwa Dammam jana, uliza tena.

Safari ya mwisho ndiyo inayoharibu kazi yote: kutoka sokoni hadi jikoni. Gari lililofungwa vioo juani huwa tanuri. Kwa hiyo samaki anunuliwe mwisho, baada ya mchele na vitunguu, na omba barafu kwenye mfuko, mara nyingi wanakupa bure. Kama ni wa friza, myeyushe ndani ya friji usiku kucha, usimwache kwenye sinki tangu asubuhi ukiwa kazini. Na mwandikie dada yako huko aliko, umuulize kanad amepanda bei ngapi.