Sinza ilianza na viwanja vitupu

Sinza ya leo ni maghorofa, gesti na maduka yanayokesha, na chumba kimoja tu kinamshinda mtu wa mshahara mdogo. Wapangaji wengi wa pale hawajui kwamba mtaa huo ulipimwa kwa ajili ya watu wa kipato cha chini.

Kabla ya Sinza, serikali ilijaribu kubomoa. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962, na kazi yake kubwa ya mwanzo Dar es Salaam ilikuwa kuvunja nyumba za udongo na makuti, Magomeni na kwingineko, na kusimamisha za matofali pale pale. Nyumba zilikuwa nzuri. Lakini kila mpya ilidai kwanza kuvunjwa kwa iliyokuwa ikikaliwa, huku wageni wakimiminika mjini kila msimu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mpango huo ukaachwa.

Uliofuata, ulioanza katikati ya miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, haukujenga nyumba. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na pia Mwanza na Mbeya, serikali ilipima viwanja, vingi vya mita za mraba 288 hivi, ikachonga barabara, ikalaza mabomba ya maji, ikatenga nafasi za shule na soko. Ujenzi ukabaki kwa mwananchi. Manzese, ambako watu walikuwa wameshajenga, huduma zilipelekwa humo humo katikati ya nyumba zao.

Naamini hakuna serikali yetu iliyowahi kumwelewa maskini kuliko hapo. Fedha ya nyumba nzima haimfikii hata siku moja. Inayomfikia ni ya tripu ya mchanga mwezi huu na mifuko miwili ya saruji mwezi ujao. Hujenga vyumba viwili, akahamia kimoja na kupangisha cha pili, na kodi ya mpangaji ikanunua bati za vyumba vinavyofuata. Mwezi mgumu ukija, ujenzi unasimama na hakuna wa kumdai. Ghorofa lililokamilika halina subira hiyo: rejesho la kila mwezi halijui kama biashara ilikwenda au mtoto aliugua.

Mpango wenyewe ulivuja. Viwanja vingi viliishia kwa wafanyakazi wa mishahara mizuri, waliojua ofisi na karatasi zake. Fedha za wafadhili zilipokatika miaka ya 1980, upimaji ukadorora na mji ukajipanua wenyewe. Mradi wa viwanja 20,000 wa mwaka 2002 ulirudisha upimaji, ila kwa bei iliyotakiwa kurudisha gharama zote, na maeneo kama Buyuni na Kibada yalikuwa mbali na riziki ya mchuuzi wa Kariakoo.

Serikali imewahi kurudi tena kwenye kubomoa na kujenga: familia 644 za Magomeni Kota, zilizoondolewa mwaka 2011, zilifunguliwa maghorofa yao Machi 2022. Nimefurahi kwa ajili yao, maana walisubiri mno. Lakini sensa ya mwaka huo huo ilikuta Dar es Salaam ina watu zaidi ya milioni 5, na kwa mwendo huo foleni haitaisha.

Huko Chanika na Msongola mashamba yanakatwa vipande na kuuzwa kwa hati ya serikali ya mtaa, bila njia ya gari la zimamoto wala nafasi ya shule. Halmashauri ikitangulia huko na vigingi, greda na bomba kuu la maji, ikauza viwanja vidogo kwa malipo ya kidogo kidogo, wenye kipato cha chini watajenga wenyewe. Ikifika baada ya miaka kumi, itafika na rangi nyekundu ya kuchora X ukutani, na bajeti ya fidia.