Nyika Inaanzia Wapi? Kazi ya Kuchora Haki ya Kutembea

Tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya wapenzi wa matembezi, wengi wao vijana wafanyakazi wa Manchester, walipanda Kinder Scout kaskazini mwa England wakijua fika kuwa wanakanyaga ardhi ya watu. Huko juu walikumbana na walinzi wa ndege wa kuwindwa, mashati yakashikwa na marungu yakainuliwa. Vijana watano walifungwa, akiwamo kiongozi wao Benny Rothman. Mashtaka yalihusu fujo na kushambulia watu, kwani kuingia tu kwenye ardhi ya mwingine hakukuwa kosa la jinai.

Haki ya kutembea waliyoidai iliwekwa katika sheria ya mwaka 2000, inayohusu England na Wales. Kwa mujibu wake, mtu yeyote anaweza kutembea kwa miguu, bila kufuata njia, kwenye maeneo ya wazi ya aina nne: mlima, nyika ya nyanda za juu, mbuga ya vichaka vifupi na vilima vya nyasi vya mawe ya chokaa. Ardhi ya jumuiya iliyosajiliwa nayo imo. Maneno haya yanaeleweka upesi ukiyasikia kijiweni. Shida inaanza mtu anapopewa kalamu na kuambiwa aonyeshe ni hatua ipi hasa nyika inapokwisha na shamba linapoanza.

Mlima ndio rahisi kuliko yote: sheria inahesabu kuwa mlima ardhi yoyote iliyo juu ya mita 600 kutoka usawa wa bahari. Kinder Scout, wenye mita 636 kileleni, unaingia bila ubishi. Kwa aina nyingine tatu kipimo ni mimea, na hapo mambo yanakuwa magumu. Malisho yaliyoboreshwa hayahesabiwi kabisa, wala yaliyoboreshwa nusu. Kwa hiyo mchora ramani, akiwa na picha za angani na ripoti za mimea mezani, anatafuta dalili: je, hapa pamepandwa nyasi za kisasa na klova na kutiwa mbolea, au ni majani magumu yaliyojiotea na vichaka vya maua ya zambarau? Malisho mawili yanayotenganishwa na ukuta mmoja wa mawe yanaweza kupata majibu tofauti, ingawa kondoo wa pande zote mbili ni wa mfugaji mmoja.

Mimea yenyewe haifuati mistari. Kichaka hupungua kidogo kidogo hadi kikaishia kwenye majani, na hakuna anayeweza kusema kiliishia hapa. Sheria ikaliona hilo, ikaruhusu mpaka usogezwe hadi kwenye ukuta, uzio au kijito kilicho karibu, na vipande vidogo mno viachwe. Ni busara ya kiutendaji, kwa kuwa mtembeaji huona ukuta wala haoni aina ya nyasi. Lakini pia maana yake ni kwamba ramani haichukui kila kipande cha nyika, na mahali pengine inabeba kisicho nyika.

Shirika la Countryside Agency liliigawa England katika kanda 8 na kuzichora moja baada ya nyingine. Kwanza ilitolewa rasimu, na wananchi wakaalikwa kutoa maoni. Kisha ikaja ramani ya muda, na hapo rufaa ikawa ya wenye maslahi katika ardhi peke yao. Mtembeaji aliyeona nyika yake imeachwa nje hakuwa na pa kwenda. Mizani hiyo, kusema kweli, haikuwa sawa. Ramani za mwisho zilipokamilika, haki ilianza kwa awamu kuanzia Septemba 2004, na kufikia Oktoba 2005 ilikuwa imeenea England nzima. Maeneo hayo ni takriban asilimia 8 ya England.

Hata ndani ya rangi ya manjano inayoonyesha maeneo hayo kwenye ramani, si kila mahali pako wazi. Mita 20 kuzunguka nyumba ya kuishi hazimo, wala ardhi iliyolimwa ndani ya miezi 12 iliyopita. Baiskeli, farasi na kupiga kambi si sehemu ya haki hii, na mbwa afungwe kamba fupi kuanzia Machi 1 hadi Julai 31, msimu ndege wanapotaga chini.

Uskoti ilichukua njia nyingine katika sheria yake ya mwaka 2003: haichori maeneo, bali inatoa haki karibu kila mahali na kumdai mtu mwenendo wa uwajibikaji. Mabishano hayakwisha huko, ila hayahusu tena jina la nyasi.

Sheria ya England na Wales ilitaka ramani zipitiwe upya ndani ya miaka 10. Wales ilifanya hivyo. England iliongeza muda, kwa hiyo mteremko ulioacha kulimwa na kurudia nyasi zake za asili baada ya ramani kuchorwa bado unahesabiwa kuwa shamba, na anayetaka kuupita anahitaji ruhusa ya mwenyewe.