Karafuu Haiokoi Kiporo

Karai zikishashika moto kwenye soko la samaki la Bagamoyo, harufu ya ndimu, tangawizi na kitunguu saumu humfikia mteja kabla ya samaki mwenyewe. Wengi pwani huamini kwamba viungo huongeza ladha na pia huzuia chakula kisiharibike. Imani hiyo ina ukweli, ila si mzima.

Ukweli huo unaonekana vizuri ng'ambo ya bahari. Huko Wawi, Chake Chake, Pemba, Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar (ZSTC) lina kiwanda cha mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Makonyo hupitishiwa mvuke, mvuke ukaondoka na mafuta, kisha ukipozwa mafuta hujitenga na maji. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eujenoli, ileile inayofanya kliniki za meno zinukie karafuu.

Eujenoli hutoboa utando wa bakteria hadi vilivyomo ndani vikavuja. Maabara zimeonyesha kwamba inawaweza hata Salmonella na Listeria.

Kwenye chakula mambo hubadilika. Mafuta na protini za samaki au nyama huinasa eujenoli kabla haijawafikia bakteria, kwa hiyo dozi ya maabara hulazimika kuongezwa mara nyingi. Nani atamla changu anayenuka dawa ya jino? Ndiyo maana watafiti hutumia dozi ndogo pamoja na ubaridi, au huyatia mafuta ya karafuu kwenye vifungashio.

Tena kuna hatari zisizojali kiungo. Jodari akikosa barafu, bakteria hutengeneza histamini, na histamini haitoki kwa kukaangwa. Pilau nalo, pamoja na karafuu na mdalasini wake, huweza kuwa na bakteria aitwaye Bacillus cereus: vijimbegu vyake hustahimili kuchemshwa, kisha huamka wali unapopoa polepole sufuriani usiku kucha. Sumu yake ya kutapisha haiondoki hata kiporo kikipashwa moto asubuhi. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba chakula kisicho salama huua watu 420,000 kila mwaka.

Basi samaki apate barafu tangu chomboni, na pilau lililobaki liingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Asiye na friji apike kinachotosha mlo mmoja. Mafuta ya karafuu yasiyozimuliwa yawekwe mbali na watoto, kwani mililita chache tu zinaweza kudhuru ini la mtoto.