Steshini ya Nachingwea

Ukifika Nachingwea, katika Mkoa wa Lindi, hutasikia filimbi ya gari la moshi. Zamani ilisikika, nayo kwa miaka 13 tu. Twapenda kuwaeleza habari zake, maana vijana wengi wa siku hizi hawasadiki kwamba gari la moshi liliwahi kupita pande hizi.

Baada ya Vita Kuu ya pili, Waingereza walipungukiwa sana na mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 likafanywa shauri la kulima karanga katika Afrika ya Mashariki, eka zaidi ya 3,000,000, na sehemu iliyo kubwa katika Tanganyika: Kongwa, Urambo, na huku kwetu Nachingwea. Sasa, karanga hizo zitafikaje baharini? Bandari ya Lindi haikufaa kwa meli kubwa. Kwa hiyo wakachagua Mtwara, penye maji ya kina, waijenge bandari mpya. Lakini hawakungoja iishe. Walitandaza reli kutoka Mkwaya, katika hori ya Lindi, na mwaka 1949 ikafika Nachingwea.

Reli ikatangulia, mavuno hayakufuata. Misitu ilikuwa migumu kung'oa, mitambo ikavunjika, mvua haikuaminika, na mwezi wa Januari 1951 shauri lote likaachwa, zimekwisha potea fedha yapata pauni 36,000,000. Mwalimu afundishaye habari ya mtu aliyetaka kujenga mnara, katika Luka sura ya 14, hahitaji kutafuta mfano mbali. Hata hivyo tusiwacheke wale waliochimba na kupanga mataruma juani. Hesabu haikuwa yao.

Kwa watu wa bara reli ile haikuwa mchezo. Tangu Misheni ilipokaa Masasi, mwaka 1876, mizigo ilipanda kutoka pwani vichwani mwa watu, mwendo wa siku nyingi: vitabu, nguo, chumvi, dawa. Basi fikirini furaha ya mtu kuketi garini na mzigo wake miguuni! Mwaka 1954 gati la Mtwara likawa tayari, na mwaka 1958 tawi la reli likafika Masasi yenyewe.

Lakini shehena ilikuwa haba, na hasara ikarudi mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1962, Tanganyika ikiwa imekwisha kupata uhuru, njia ikafungwa, kisha vyuma vikang'olewa. Watu wakarudi kutegemea barabara, ambayo wakati wa masika ilikuwa matope matupu. Huo ndio uchungu wenyewe: si kukosa kitu, bali kukizoea, kisha kunyang'anywa.

Mashamba ya karanga hayakukaa bure. Katika miaka ya 1960 wapigania uhuru wa Msumbiji, watu wa FRELIMO, walifanya kambi yao huko Nachingwea. Siku hizi zao kubwa la wilaya ni korosho, nazo hushuka Mtwara kwa malori, kwenye bandari ile ile iliyojengwa kwa ajili ya karanga.