Kalenda ya Wamalayali (3): Karkidakam, mwezi wa mvua na mizimu

Katika makala zilizotangulia tuliona jinsi kalenda ya Kollam, ambayo Wamalayali, watu wa Kerala, kusini-magharibi mwa India, wanaihesabu tangu mwaka 825, inavyofuata jua. Miezi yake ni buruji zile zile ambazo wanafalaki wetu wa pwani huziita Hamali, Thauri, Jauza na kuendelea. Leo tumefika Saratani, ambayo kwao ni Karkidakam. Mwezi huu huanza Julai 16 au 17, huisha katikati ya Agosti, na ndio unaofunga mwaka.

Hakuna mwezi unaosemwa vibaya kama huu. Kusi, upepo tunaoujua sisi kwa kuchafua bahari, ukishavuka kwenda India hugonga milima ya Ghats na kumwaga mvua tangu mwanzoni mwa Juni. Ifikapo Karkidakam mashamba yamejaa maji, na zamani vibarua walikosa kazi huku ghala zikiwa tupu na mpunga mpya haujakomaa. Mpaka leo familia nyingi za Kihindu haziozeshi wala hazihamii nyumba mpya katika siku hizi. Wapo wanaouita mwezi wa mkosi. Mimi sikubaliani nao. Nikizitazama ibada zake naona kazi ya watu waliojua njaa na wakajipangia namna ya kuvuka: nyumba isafishwe, mwili utibiwe, wafu wakumbukwe, na jioni pawe na cha kusikiliza.

Maandalizi huanza mkesha wake. Hasa kaskazini, nyumba hufagiliwa mpaka uvunguni, na ufagio uliochakaa pamoja na vyungu vibovu hutupwa nje ya ua, huku wakimfukuza Chetta, mungu wa kike wa ufukara. Kisha taa huwashwa kumkaribisha Sri Bhagavathi, yaani Lakshmi, mwenye neema.

Jioni ni zamu ya Ramayana, utenzi wa kisa cha Rama. Kinachosomwa majumbani ni Adhyatma Ramayanam ya Thunchaththu Ezhuthachan, mshairi wa karne ya 16 ambaye Wamalayali humwita baba wa lugha yao, na ambaye kisa kizima amekitia kinywani mwa kasuku. Msomaji, mara nyingi mama au bibi wa nyumba, huketi chini mbele ya taa ya shaba na kughani kwa sauti, akigawa kurasa ili mwezi ukiisha awe amefika Rama anapotawazwa. Wenye nafasi hufunga safari ya Nalambalam, mahekalu manne ya Rama na ndugu zake: Thriprayar kwa Rama, Irinjalakuda kwa Bharata, Moozhikkulam kwa Lakshmana na Payammal kwa Shatrughna. Hujitahidi kuyazuru yote kwa siku moja, na mvua hiyo hiyo ikiwanyeshea kwenye foleni.

Lakini siku kubwa kuliko zote ni Vavu, siku ya giza la mwezi, inayotengwa kwa waliokufa. Siku ya kuamkia Vavu mtu hula wali mara moja tu. Alfajiri maelfu hushuka majini: ufukwe wa Papanasam kule Varkala, mto Periyar pale Aluva, Thirunavaya kando ya mto Bharathappuzha, kijito cha Papanasini huko Thirunelli. Mfanya ibada huoga, kisha hukaa na nguo zake mbichi mbele ya jani la mgomba, amevaa kidoleni pete iliyosokotwa kwa nyasi ya darbha. Kuhani hutamka, naye hufuatisha: anaweka tonge la wali, ananyunyiza ufuta na maji, anamtaja marehemu wake. Wanaofanyia nyumbani huacha tonge uani na kupiga makofi kuwaita kunguru. Kunguru akila, ni kama wazee wamepokea. Akichelewa, nyumba nzima husimama ikingoja.

Julai 30, 2024, Karkidakam ikiwa imefika katikati, mlima uliporomoka usiku huko Mundakkai na Chooralmala wilayani Wayanad, ukaua watu zaidi ya 200. Vavu ya mwaka huo iliangukia siku chache tu baadaye. Thirunelli imo katika wilaya hiyo hiyo. Anayedhani ibada hizi ni mabaki ya dhiki za kale na aitazame tarehe hiyo.

Upande wa mwili, kila jiko lina uji wake. Mchele mwekundu wa njavara, unaokomaa kwa takriban miezi miwili, hupikwa na uwatu, jira na mitishamba, ukatiwa tui la nazi na pengine sukari guru. Mboga ni majani yanayoota yenyewe baada ya mvua pamoja na majani ya maboga na ya magimbi. Ila majani ya mlonge, yanayopendwa mwaka mzima, mwezi huu huachwa. Waganga wa Ayurveda huwakanda watu kwa mafuta ya dawa, wakisema mwili hupokea tiba vizuri hewa ikiwa na unyevu. Tembo nao hawasahauliwi. Tarehe mosi ya Karkidakam hupangwa safu mbele ya hekalu la Vadakkunnathan mjini Thrissur wakalishwa madonge ya wali yenye samli, manjano na sukari guru, na miwa na matunda juu yake.

Huko kaskazini watoto waliopambwa kama miungu Shiva na Parvati hupita nyumba kwa nyumba na mpiga ngoma, wakiondoa nuksi na kupewa mchele. Baadaye, siku ya Illam Nira, masuke ya kwanza ya mpunga hubarikiwa hekaluni na kufungwa nyumbani, hata kama shamba lenyewe bado halijavunwa.

Makala ijayo itaingia Chingam, mwezi wa kwanza wa mwaka, na sikukuu ya Onam.