Vinasaba vyaweza kudokeza mwenendo wa saratani ya figo

DAMU ndani ya mkojo ni dalili ambayo wakazi wengi wa Morogoro huihusisha na kichocho, ugonjwa unaopatikana mkoani humo. Si rahisi kwa mtu anayeteremka kutoka Mgeta au Matombo, katika Milima ya Uluguru, kuwaza kwamba damu hiyo yaweza kuwa ishara ya saratani ya figo.

Hata saratani inapogunduliwa, hubaki swali gumu: itakwenda polepole au itasambaa haraka? Wagonjwa wawili wenye uvimbe unaolingana kwa ukubwa wanaweza kuwa na hatima tofauti. Ndiyo maana wanasayansi wamegeukia viashiria vya kimolekuli, yaani mabadiliko ya vinasaba au protini ndani ya uvimbe yanayodokeza mwenendo wake.

Takriban robo tatu ya saratani za figo kwa watu wazima ni za seli zinazoonekana angavu chini ya hadubini. Katika nyingi ya hizo, jeni iitwayo VHL, iliyotambuliwa mwaka 1993, huwa imeharibika. Hapo seli hujiendesha kana kwamba zimekosa oksijeni, zikachochea mishipa mipya ya damu inayolisha uvimbe.

Hata hivyo, VHL haisaidii sana kubashiri, kwa kuwa huharibika kwa wagonjwa walio wengi. Zenye uzito zaidi ni jeni za BAP1 na PBRM1. Uvimbe uliopoteza BAP1 kwa kawaida huwa mkali, ilhali uliopoteza PBRM1 pekee huelekea kuwa na nafuu.

Vipimo hivyo havijachukua nafasi ya vile vya kawaida. Madaktari hutazama kwanza ukubwa wa uvimbe, mahali ulikofika na sura ya seli zake. Aidha, vinasaba husomeka vizuri iwapo kipande cha nyama kimehifadhiwa ipasavyo kwenye formalini tangu chumba cha upasuaji. Kwa mgonjwa anayepasuliwa Morogoro, kazi hiyo huanzia pale pale, hata kama uchunguzi utakamilishiwa Dar es Salaam.

Damu kwenye mkojo, hata isiyo na maumivu na hata ikikoma yenyewe, yahitaji uchunguzi wa daktari, hasa pale dawa ya kichocho isipoiondoa. Saratani ambayo haijatoka nje ya figo mara nyingi hutibika kwa upasuaji. Iliyokwisha kusambaa ni ngumu kuitibu, hata vinasaba vyake vikijulikana vyote.