Diski ikianza kugonga, nakili hesabu kabla ya kumwita fundi

MFANYABIASHARA wa mbaazi au mahindi hapa Babati anayetunza hesabu zake katika kompyuta ya nyumbani huwa ameweka mali nyingi mahali padogo. Madeni ya wakulima yamo humo, stoo imo humo, na kumbukumbu ambazo Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka azitunze kwa miaka 5 nazo zimo humo. Vyote vinategemea chombo kimoja, diski ngumu, au hadi diski kama mafundi wanavyoiita.

Ndani yake mna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na vichwa vya kusomea vinavyoelea juu yake bila kugusa. Kwa hiyo diski nzima pia ina sauti: mvumo wa mota, na mkwaruzo mwepesi vichwa vinapohama. Diski za zamani zilizotumia gololi zilivuma zaidi. Mwaka 2001 Seagate ilileta Barracuda ATA IV yenye mota inayozunguka katika mafuta badala ya gololi, na soko likafuata njia hiyo. Mara nyingine kelele haitoki hata kwenye diski, bali ni skrubu zilizolegea na boksi la kompyuta linatetemeka. Bisibisi inatosha.

Cha kuogopa ni sauti iliyobadilika. Mgongo wa tak, tak, tak unaojirudia mara nyingi maana yake ni kwamba vichwa vinatafuta mahali pa kusoma havipaoni. Mwandishi wa safu hii aliwahi kuambiwa na fundi kuwa ni feni tu, akaendelea kuwasha na kuzima kwa siku 3. Hesabu za miezi 7 zikapotea. Kama diski inagonga lakini bado inafunguka, nakili mafaili muhimu mara moja, kisha uizime. Isipofunguka, usiendelee kuijaribu.

Hata hivyo, muuzaji anayekuwashia kompyuta ya mtumba na kusema "sikiliza ilivyo kimya" hajathibitisha kitu. Mwaka 2007 watafiti wa Google walitoa matokeo ya uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000. Zaidi ya nusu ya zile zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja ya dalili 4 kubwa ambazo diski hujirekodia yenyewe. Lakini diski iliyopata kosa lake la kwanza la usomaji ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60.

Kwa hiyo mwombe muuzaji afungue programu ya bure kama CrystalDiskInfo. Tazama idadi ya sekta zilizohamishwa, kisha saa za kazi. Saa 20,000 kwa ofisi inayofanya kazi saa 8 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni miaka 8. Saa hizo nazo zinaweza kuchezewa: mapema mwaka 2025 ilibainika Ulaya kuwa diski za Seagate zilizokwishatumika zilikuwa zikiuzwa kama mpya baada ya saa zake kurudishwa kwenye sifuri. Bei ikiwa ya chini mno, uliza sababu.

Dhamana nayo isomwe vizuri. Diski nyingi mpya za nyumbani huwa na miaka 2, na za daraja la juu miaka 5, lakini kinachorudishwa ni diski tupu. Madeni ya wakulima hayamo.

Kuhusu SSD, hizo hazina sehemu inayozunguka, hazipigi kelele na hustahimili mtikisiko. Zinafaa, ila zikifa huweza kufa bila kutoa mlio wowote wa kukuonya. Mwenye fedha za kununua kitu kimoja tu mwezi huu, ushauri wetu ni diski ya nje ya kuwekea nakala kila Jumamosi, na isihifadhiwe nyumba moja na kompyuta. UPS ya kuikinga kompyuta umeme unapokatika ghafla inaweza kusubiri mwezi unaofuata.